Risasi Sita za Kopo la Mlangoni

Tulipomaliza kumzika Afande Chilongani, kwao Kintinku, wanawake walituletea ugali wa mtama na mlenda kwenye kivuli cha ukuta. Ntandu, askari mwenzake wa zamani ambaye sikuwa nimemwona tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akasogeza kigoda chake karibu na changu, akanawa mikono taratibu, kisha akaniuliza mbele ya wajukuu wa marehemu, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: "Bi Stoo, leo niambie ukweli. Zile risasi sita zingelia?" Wajukuu wakageuka kunitazama. Walijua babu yao aliwahi kuwa askari wa wanyamapori, lakini nadhani hawakutarajia kwamba bibi mwenye fimbo na miwani ya kamba alihusika na risasi zake. Bi Stoo ni mimi. Siku hizi duniani amebaki mtu mmoja tu anayeniita hivyo, na alikuwa amekaa pale akifinyanga tonge. Afande mwenyewe, ambaye hakuwahi kuniita jina lolote zaidi ya "binti", tulikuwa tumetoka kumfukia. Nilitazama mikono yangu, na mwaka mzima ukanirudia kwa kupitia puani, kwa sababu mwaka ule ulikuwa na harufu yake, harufu ya mafuta ya nyonyo.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, nikapangiwa kutunza stoo ya silaha katika kituo kidogo cha askari wa wanyamapori, pembeni ya vichaka vya Itigi. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye kazi pale, na mdogo kuliko wote. Kazi ya stoo hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada nilichokikuta chini ya rafu, nikikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, mpaka nikaweza kuifungua bastola ya kituo na kuirudisha bila kubakiza kipande. Nasema wazi kwamba nilikuwa msichana wa hofu. Nilifunga mlango, nikaondoka, nikarudi kuusukuma kuhakikisha umefungwa, nikaondoka, nikarudi tena. Askari wakiwa wamekaa nje walikuwa wakinitazama na kusema, "Mlango, mwambie Bi Stoo kwaheri, asije akarudi." Nilicheka nao, kisha nikarudi kuusukuma. Niliamini kwamba mahali fulani katika kile chumba kuna kosa dogo ambalo sijaliona, na kwamba kosa hilo linaningoja mimi.

Chumba chenyewe nilikipenda, hata hivyo. Kilikuwa cha matofali, chenye dirisha moja la nondo, na upande wa magharibi upepo wa Singida uliingia na vumbi jekundu lililokaa juu ya kila kitu kama unga. Bunduki zilisimama kwenye rafu ya mninga. Ngozi zilizokamatwa kwa majangili zilining'inia kwenye kamba. Mlango, ambao upepo ulipenda kuubamiza, ulishikiliwa na kopo zito la bati lililozibwa pande zote kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Ndani yake zilikuwamo risasi za bastola zilizoachwa na mkuu wa kituo wa wakati wa ukoloni. Kila mtu alisema zimeshakufa. Nililikuta kopo likifanya kazi ya jiwe la mlango na nikaliacha liendelee, ingawa kila nilipolivuka liliniudhi, kwa kuwa sikupenda kitu chochote stoo ambacho sijakiona ndani.

Jumamosi ilikuwa siku ya mafuta. Mtu wa pwani hawezi kuelewa, lakini sisi tunaishi na ukavu. Kiangazi kikishika, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, mpini wa jembe unapasuka, ngozi ya kulalia inakuwa ngumu kama ubao. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo, na kila kitu unachokipenda unakipaka: mtoto, ngozi, mkanda, mpini. Kituoni tulifanya vivyo hivyo. Baada ya chai ya asubuhi tulitandika ngozi ya pofu juani, tukatoa silaha, tukapaka. Kisha tukamwaga risasi za bastola, zile mpya zilizoletwa kutoka mjini, tukazisugua moja moja kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa kama meno ya mtoto. Zilikuwa saa tamu kuliko zote za wiki. Ntandu alisimulia uongo wake, mtu mwingine alichemsha viazi, Mama Daudi, mke wa Afande, alipita na kutuuliza kama tunazipeleka risasi harusini. Mkaguzi alipokuja alishika moja, akaigeuza juani, akasema hajaona stoo safi kama hii. Nililala siku hiyo bila kurudi kuusukuma mlango. Kitabu changu kilisema risasi zitunzwe mahali pakavu, zisipate unyevu. Nilikisoma na kutabasamu. Kwetu unyevu ungetoka wapi?

Mwishoni mwa kiangazi akaja chui. Alikuwa amenaswa na mtego wa majangili, akaukata, akabaki na waya umezama mguuni. Chui wa namna hiyo hawezi tena kumkimbiza swala. Akaanza kuingia kwenye mazizi ya kijiji kipya, na akishachukua mbuzi alirudi kwenye kichaka kilicho karibu na njia ya maji. Nilikuwa nahesabu mikanda stoo mchana mmoja niliposikia Mwenyekiti wa kijiji akiongea na Afande nje ya dirisha. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na siku hiyo sauti yenyewe ilikuwa imepungua. "Afande, watu wamenifuata jana. Wanasema wanarudi mahameni kwao. Wanasema kule hapakuwa na zahanati, lakini hapakuwa na chui." Afande Chilongani akageuka kutazama njia ya maji. Alikuwa mkuu wa kituo chetu, mrefu, mpole, Mgogo wa kuongea kidogo. Kisha akasema, "Waambie wasubiri. Nitamfuata ndani." Nilijua "ndani" maana yake nini. Vichaka vya Itigi si msitu wa kutembea. Matawi yameshikana kama nywele zisizochanwa, na ukiingia unatambaa. Bunduki ndefu inanasa, huwezi kuigeuza. Mtu anayetangulia hubeba bastola, na hiyo bastola yetu ilikuwa moja tu.

Alikuja mlangoni jioni ile jua likiwa bado juu. "Shikamoo, afande." "Marahaba, binti. Keshokutwa nitahitaji bastola. Nipe risasi za kuaminika." Akasema hivyo tu, akaondoka. Hakujua alichonifanyia. Za kuaminika! Nilikaa chini kwenye gunia. Nilizitazama zile zinazong'aa, nikagundua kwamba sijawahi kusikia hata moja ikilia. Mazoezi ya shabaha tulifanya kwa bunduki, kwa kuwa risasi za bastola zilikuwa chache na kuagiza nyingine mjini kulichukua miezi. Nilizipenda, nilizisugua, nilizipanga, lakini kuzijua sikuzijua. Nikafungua kitabu. Kitabu kilikuwa na michoro mizuri ya risasi iliyokatwa katikati, fataki ya kuiwasha kitakoni, baruti yake, kichwa chake, lakini hakikuwa na ukurasa wa kumwambia msichana wa Singida namna ya kujua kwamba hii hapa, iliyo mkononi mwake, haitamgomea mtu aliyelala kifudifudi mbele ya chui. Chakula cha jioni sikula. Mama Daudi aliniletea uji wa uwele wenye asali, akanikuta nimezipanga risasi zote mezani nazitazama. "Mwanangu," akasema, "ukizitazama hivyo zitakuonea haya. Kunywa uji." Nilikunywa. Kisha nikaenda kwa Afande kumwomba ruhusa ya kuzijaribu. Akafikiri, akasema, "Jaribu. Lakini zibaki za kuondoka nazo."

Kiwanja chetu cha shabaha kilikuwa nyuma ya kituo, mbele ya kichuguu kikubwa kama nyumba ya tembe, kilichokuwa kikimeza risasi zetu zote bila kulalamika. Kuona tu kwamba risasi inalia hakukunitosha. Nilitaka kuona inakwenda mpaka wapi. Nikamwomba Mwenyekiti matofali mabichi, yale yaliyokuwa yamefunikwa nyasi yakingoja kukauka kwa ajili ya zahanati, kwa sababu yote yalitoka kwenye udongo mmoja na kibao kimoja, na risasi mbili zikipiga matofali yanayofanana naweza kuzilinganisha. Mwenyekiti alikuja nayo mwenyewe kwenye mkokoteni, uso umekunjamana. "Afande, haya ni matofali ya umma. Yakishapigwa risasi, nani atakubali kuchomwa sindano ndani ya nyumba hiyo?" Ntandu akampokea tofali mkononi. "Ukuta wenye risasi tumboni, Mwenyekiti, hata mwizi anauamkia." Tukakubaliana kwamba yatakayovunjika yatarudishwa kwenye shimo la udongo na kufinyangwa upya. Tukayapanga yakifuatana kama watoto wa shule mstarini, kichuguu nyuma yao, mtu akatumwa kuhakikisha mbuzi wote wako upande wa pili, na askari wote wa kituo wakakaa chini kutazama.

Nilipiga mimi. Jeshini nilifundishwa, na Afande alisema stoo ni yangu, basi na majaribio ni yangu. Nikashika bastola kwa mikono miwili, nikavuta. Tk. Hakuna kilichotokea. "Usiishushe!" Afande akasema nyuma yangu. "Ielekeze hukohuko. Iliyogoma inaweza kubadili mawazo." Tukangoja. Haikubadili. Ntandu akasema labda imesinzia kwa raha, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ya pili, tk. Hapo kicheko kikawa kidogo. Ya tatu ililia, lakini ililia kama mtu anayekohoa kanisani. Tukasubiri moshi wake upotee, nikachungulia mtutu kuona kama hakuna kilichobaki ndani, tukaenda kutazama. Ilikuwa kwenye tofali la kwanza kabisa, haikulivuka, kitako chake kikichungulia nje kama kiwavi kwenye hindi. Hapakuwa na aliyecheka. Ya nne, tk.

Nilichukua moja iliyogoma, Ntandu akaibana kwa koleo, tukaing'oa kichwa juu ya jani la mbuyu. Baruti ambayo kwa kitabu changu ilipaswa kumwagika kama chumvi kavu ilitoka imeshikana, nyeusi, inang'aa, kama ugoro uliolowa. Nikaisogeza puani. Nikampa Afande naye akanusa. Akampa Ntandu. Jani lile likazunguka, mtu mmoja mmoja akinusa na kulipitisha, na kila aliyenusa akatazama viganja vyake mwenyewe. Ilikuwa nyonyo. Jumamosi zetu zote zilikuwa mle ndani. Mafuta yalikuwa yamepenya taratibu, kupitia kandokando ya fataki, kupitia shingoni, na kuifanya baruti kuwa laini kama ngozi ya kulalia. Tulikuwa tumeogopa ukavu mpaka tukaiua kwa kuilainisha. Kisha Afande Chilongani, ambaye sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuona meno yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani," akasema akifuta macho, "kwa kweli tumezilea." Siku ile nilitegemea nitazimia. Kosa lililokuwa likiningoja limejitokeza, tena kubwa kuliko nilivyoota, na tazama, lilikuwa la sote, na mkubwa wetu alikuwa akilicheka. Nilihisi kitu kimelegea mabegani ambacho kilikuwa kimebana tangu utotoni.

Lakini chui alikuwa bado kichakani, na keshokutwa ilikuwa imeshakuwa kesho. "Tunabaki na nini?" Afande akauliza. Mimi nikageuka kutazama stoo. Upepo ulikuwa unavuma, na mlango haukubamizwa.

Tulilifungua kopo kwa patasi. Ndani risasi zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi, na zilikuwa mbaya kuzitazama, nyeusinyeusi, baadhi zina madoa ya kijani. Mkono uliozigusa mara ya mwisho haukuwa na mafuta wala mapenzi. "Hizi ni maiti," Ntandu akasema. Nikaweka moja, nikaelekeza, nikavuta. Ilipolia, njiwa walitoka kwenye miti yote hadi njia ya maji, na Mwenyekiti akashika kofia yake. Ilikuwa imevuka tofali la kwanza, la pili, la tatu, na vumbi la tofali la nne lilikuwa bado linashuka. Nikapiga nyingine. Ikavuka vilevile. Nyingine, vilevile. Askari walikuwa wanapiga makofi. Mtu mwingine angeishia hapo, akamshukuru Mungu, akaenda kula. Mimi nilihisi kwamba tatu hazitoshi. Tatu zinaweza kuwa bahati. Nikapiga ya nne, nayo ikalia, na nikahisi nafuu kwa muda wa pumzi moja tu, maana mara nikakumbuka kwamba hiyo niliyoiamini imeshaondoka. Zilizobaki kwenye kopo ndizo nisizozijua. Nikainama kuchukua nyingine. Ntandu akasimama. "Bi Stoo, ukiendelea hivyo utamthibitishia afande kwamba zote ni nzima, na yeye ataingia kichakani na ganda." Watu wakacheka sana. Nikasema, "Moja tu." Nikapiga. Nikasema, "Moja ya mwisho." Sikuwa natania, nilikuwa karibu kulia. Afande akaja polepole, akaliweka kopo chini ya kwapa lake kama mtu anayechukua mtoto aliyelala. "Binti," akasema, "inatosha. Hizi nitazichukua hivihivi." Ndani zilikuwa zimebaki sita na chache juu yake.

Asubuhi nilimpa sita. Nilikuwa nimezichagua kwa macho, nikazifuta kwa kitambaa kikavu, nikaziingiza moja moja kwenye matundu. Afande alifunga mkanda, akaagana na Mama Daudi kwa Kigogo, akaondoka na Ntandu na askari wengine wenye bunduki. Mimi nikabaki na stoo ambayo haikuwa na cha kufanyiwa. Niliwaza kila risasi kwa zamu. Labda hii ya doa la kijani. Labda ile iliyokuwa pembeni ya kopo. Mchana Mama Daudi aliniita jikoni kwake, chumba cheusi kwa moshi, chenye joto zuri, akanipa kisu na mboga za kukata. Tulikata. Aliongea juu ya mbegu, juu ya jirani aliyeoa tena, juu ya mtoto wake anayekataa shule. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama haogopi. Akaupekecha mlenda kwenye chungu, akasema, "Naogopa, mbona. Lakini mboga zitakatwa." Nilikula ugali wake ule mchana, na nauandika hapa kwa sababu ulikuwa mtamu, na nilishangaa kwamba ulikuwa mtamu.

Walirudi siku ya pili yake, mchana, wakiimba, chui akining'inia kwenye mti begani mwa watu wawili. Kijiji kizima kiliwafuata. Mwenyekiti alikuwa amerudiwa na sauti yake. Ntandu akasimulia kwa mikono na miguu: jinsi nyayo zilivyoishia kwenye handaki la matawi, jinsi Afande alivyovua viatu, akalala kifudifudi, akaingia na bastola mbele, na wao nje wakaona nyayo zake zikipotea mwisho. Walingoja. Hawakusikia mlio. Kisha wakamsikia akisema kwa sauti ya kawaida, "Leteni kamba." Chui alikuwa ameshakufa humo, waya umemmaliza, siafu wakiwa machoni. Watu walicheka kwa furaha. Mimi nilisubiri wapungue, nikasimama mlangoni pa stoo. Afande akaja, akafungua bastola, akanimwagia risasi kiganjani. Zilikuwa sita. "Hukupiga hata moja," nikasema. "Sikupiga." "Basi hatujui." Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya ugenini. "Binti, nilitambaa mpaka nikamgusa sharubu nikidhani yuko hai. Zile za mafuta zingekuwa ndani ya bastola, nisingevua hata kiatu kimoja." Akaenda kunawa.

Nilizirudisha kwenye kopo, nikaliweka kopo kwenye rafu, na mlango nikautafutia jiwe. Jumamosi iliyofuata tulikaa tena juani na viazi, tukapaka ngozi, mikanda na mipini, na risasi tukaziacha zikae na ubaya wake. Baadaye nilihamishwa, na sikuwahi kujua kopo lile liliishia wapi. Siwezi kusema mwaka ule uliniponya. Hadi leo silali kabla sijaushika mtungi wa gesi mara kadhaa kuhakikisha umefungwa, na wanangu wananicheka kama walivyonicheka askari. Lakini kuna mahali ninapofika nikasikia sauti ya Afande ikisema inatosha, nikaenda kulala. Zahanati ile ilijengwa. Mwenyekiti alisahau au hakutaka kukumbuka, na matofali mawili kati ya yale hayakurudishwa shimoni, yakaingia ukutani na risasi zake tumboni. Wanangu wote niliwapeleka pale kuchanjwa nilipokuwa napita likizo, bila sababu nyingine.

"Bi Stoo," Ntandu akasema tena, tonge limeshapoa mkononi mwake, "nimekuuliza. Zingelia?" Wajukuu walikuwa bado wananitazama, na mdogo wao alikuwa na macho yaleyale mapole ya babu yake. Mama Daudi, aliyekaa mkekani na kaniki yake mpya ya msiba, akainua kichwa kusikiliza.

"Sijui," nikasema, na nikamwomba Ntandu aniongezee mlenda.